Niliposema Bi Gauni Ni Shupavu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumatatu. Shemeji yangu amesimama mlangoni kwangu, mikononi ana furushi la nguo za mdogo wangu.

Alikuwa anatabasamu.

"Samahani kwa kukuamsha, shemeji. Nimekuja kushukuru."

"Kushukuru nini?"

Aliliweka furushi sakafuni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Juu kabisa palikuwa na gauni la bluu ambalo nilimnunulia mdogo wangu mimi mwenyewe. Chini yake niliona sweta ya mtoto.

Akatoa simu, akanigeuzia kioo.

Maneno yaliyokuwa pale yalikuwa yangu.

"Bila wewe nisingejua kitu," akasema. "Umeeleza vizuri mno! Yaani mimi naishi naye ndani ya nyumba, sioni... wewe uko huku, unaona!"

Nilisoma mstari wa kwanza wa andiko langu mwenyewe. 

Wasomaji wangu, wiki iliyopita wengi wenu mlinitukana. Kwa mliyoyaona, mlikuwa na haki. Leo nawapa ambayo hamkuyaona.

Kwa wageni: mimi ni mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha dawa. Kazi yangu ni kukataa. Kidonge kikiwa na ufa, nakikataa. Lebo ikipinda, naikataa. Mtu akiniambia "hii haina shida", namuuliza amepimaje.

Jioni nikishavua koti la maabara, naandika ukurasa huu. Naangalia tamthilia, namchukua mhusika mkuu wa kike, namuuliza maswali yaleyale. Anaamua mwenyewe au anaamuliwa? Uamuzi wake unabadilisha kitu? Ukimwondoa mume kwenye hadithi, anabaki nani?

Halafu natoa hukumu. Shupavu, au dhaifu. Katikati sina.

Sasa, mnaikumbuka tamthilia ile ya Jumapili, ya mke wa mwenye maghala. Ana jina lake, ila humu ukurasani tulimbatiza Bi Gauni, kwa sababu kila sehemu yuko kwa fundi cherehani.

Mumewe anafoka. Anamnyang'anya simu. Anafunga geti, anaondoka na ufunguo. Kesho yake Bi Gauni anakunja gauni lake vizuri, anaomba ruhusa.

"Limenibana kiunoni."

"Pindo limefumuka."

Mume anacheka, anamruhusu. Anaona wanawake ndivyo walivyo.

Na mimi niliona hivyohivyo!

Hukumu yangu ya kwanza niliiandika kwa mistari miwili. "Dhaifu. Nyumba inaungua, yeye anapima kiuno."

Mlicheka sana siku ile. Mkaandika "Mwanamke wa pindo!" Mkaandika "Mshoneeni na akili!" Nilizisoma zote, na sitasema kwamba sikufurahi.

Mmoja tu hakucheka. Alijiita Kikombe cha Bati.

"Subirini," aliandika. "Hajamaliza."

"Leta ushahidi," nikamjibu.

"Ushahidi ukishaonekana, ndiyo mwisho wake."

Nilidhani anakwepa swali. Nikamjibu kama ninavyowajibu wasimamizi wa zamu kiwandani: "Kisichoonekana hakihukumiwi."



Lakini neno lile, "hajamaliza", lilinikaa kichwani kama punje kwenye kiatu. Nikairudia tamthilia yote tangu mwanzo, nikiwa nimezima sauti, maana muziki wao unakuelekeza pa kuangalia na mimi sitaki kuelekezwa.

Hapo ndipo nilipoona.

Nguo zinakwenda kwa fundi. Hazirudi!

Hakuna hata moja iliyorudi. Katika sehemu ya kwanza kabati lake limejaa hadi mlango haufungi. Katika sehemu za karibuni anapolifungua, hanga zinagongana. Zinazokwenda kwanza ni nguo za mtoto. Zinazobaki ni zile ambazo mume anapenda kumwona nazo. Na hakuna mume hata mmoja anayeshangaa gauni kukaa kwa fundi mwezi mzima. Fundi kuchelewa ni jambo la kawaida kuliko mvua.

Bi Gauni hakuwa anajipamba. Alikuwa anahama.

Nilisimama pale sebuleni kwangu peke yangu nikapiga makofi. Halafu nikaandika: "Nilikosea. Bi Gauni ni shupavu kuliko wote niliowahi kuwapima. Ushahidi huu hapa." Nikaupanga wote. Nguo za mtoto kwanza. Zile azipendazo mume mwisho. Hanga. Na jinsi anavyoomba ruhusa, kwamba zamani aliomba kwa sauti ya chini, sasa anaomba kwa sauti ya kawaida, kama mtu ambaye jibu halimhusu tena.

Lilikuwa andiko langu bora. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo kosa lenyewe.

Lilisambaa haraka. Katikati ya sifa zenu, Kikombe cha Bati akarudi.

"Dada, futa hii. Nakuomba."

Wengi humu huniita dada. Sikushtuka.

"Ukweli haufutwi," nikaandika.

"Basi ifiche wiki moja tu."

"Kwa sababu gani?"

Hakujibu tena.

Mtu asiyenijua anaomba, anasihi, anataja muda... Kiwandani, kwa dalili kama ile ningesimamisha mashine. Hapa niliendelea na chai yangu.

Turudi mlangoni.

"Nilikuwa nasoma huku nacheka," shemeji akaniambia. "Nikafika pale kwenye nguo za mtoto, kicheko kikanikatikia. Nikaenda kufungua kabati. Shemeji... hanga ziligongana!"

Nikalitazama gauni la bluu.

"Jana jioni nikaenda kwa fundi. Nikamwambia mke wangu kanituma nizichukue. Akanipa zote, amezikunja vizuri."

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Nyumbani. Amepumzika." Akapapasa mfuko wa suruali, ufunguo ukalia. "Njoo mchana unywe chai. Utueleze vizuri, wewe ndiye mtaalamu."

Akaliokota furushi lake, akaniaga kwa adabu zote, akaondoka.

Najua mnaloliuliza. "Mbona hukwenda polisi?"

Nilikwenda.

"Amempiga?" askari wa mapokezi akauliza.

"Sijui."

"Amelalamika mwenyewe?"

"Hawezi kutoka."

"Sasa ushahidi wako ni nini, mama?"

Nikamwonyesha andiko langu. Alilisoma lote, kwa makini, midomo ikicheza.

"Hii si ile ya kwenye tamthilia?"

"Ndiyo. Lakini..."

"Mke wangu anaipenda sana hiyo." Akanirudishia simu. "Mwambie aje mwenyewe."

Kutoka pale nikaenda kwa fundi. Wateja wanamwita Mama Bobini. Ana kibanda cha mabati na mashine moja ya pedali, na nguo za watu zimening'inia mpaka huoni ukuta.

"We ndiye dada mtu?" akaniuliza kabla sijasalimu.

"Ndiye."

"Mwenye ukurasa?"

"Ndiyo."

Akaondoa mguu kwenye pedali. "Kaa. La, usikae! Ukikaa karibu nitakuchoma sindano."

Nikabaki nimesimama.

"Unamjua Kikombe cha Bati?"

"Namjua kwa maandishi."

Akaninyooshea simu yake, iliyokuwa imeegemea kasha la nyuzi. "Huyu hapa. Mdogo wako simu yake inapekuliwa kila jioni kama begi la mfungwa. Kwa hiyo akileta nguo anaazima hii, anasoma mambo yako. Anavyojivunia sasa! Anawaonyesha wateja wangu: 'Huyu dada yangu, huyu!' Siku ile uliyosema Bi Gauni ni dhaifu alicheka mpaka akashika mbavu. Unajua alisemaje?"

"Alisemaje?"

"'Kama dada hajaona, hakuna atakayeona.'"

Alirudisha mguu kwenye pedali. Mashine ikazunguka bila kitambaa.

"Halafu ukaona," akasema.

Nilitafuta pa kuegemea, nikashika nguo ya mtu.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Anasema alikuambia. Kwamba anafungiwa ndani. Ukamuuliza ni mara ngapi kwa wiki."

Niliuliza kweli. Nilitaka kujua ukubwa wa tatizo.

"Na wewe ukampa mumewe nguo zote," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Nadhani nilitaka tuwe wawili.

"Nikampa. Alikuja anacheka, ananiita mama. Nikajua kweli katumwa." Akasimamisha mashine. "Tumemuuza wote, mimi na wewe. Kwa hiyo usinitolee macho, dada. Wewe nenda kamtazame mdogo wako."

Mchana nikafika. Shemeji alinifungulia geti, nikapita, akalifunga nyuma yangu.

Sebule ilikuwa safi kupita kiasi. Mdogo wangu aliketi ukingoni mwa kochi, mikono juu ya magoti, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Mwanawe, ambaye kwa ukali wa mdomo wake tunamwita Pilipili, alikuwa chini ya meza anachora.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Macho yake hayakuwa na hasira. Ningependa yangekuwa nayo.

"Mama mkubwa, umeniletea nini?" Pilipili akauliza kutoka chini ya meza.

"Leo sijaleta kitu."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Shemeji akacheka. Akavuta kiti, akakaa katikati yetu.

"Haya. Mtaalamu kafika. Mwanamke akipeleka nguo zote kwa fundi, maana yake nini?"

"Nimeshakwambia," mdogo wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Ile ya kawaida niliyoieleza mimi mwenyewe! "Nilimwona yule wa kwenye tamthilia anapendeza, nikamwiga. Nilitaka zibadilishwe mtindo."

"Na za mtoto?"

"Mtoto anakua."

"Dada yako kasema ni mpango wa kutoroka."

"Dada alikosea." Akanigeukia. "Dada, si ulikosea?"

Naomba mnielewe hapa. Tangu nianze kazi sijawahi kubadilisha matokeo ya kipimo. Mameneja wamenibembeleza, wamenifokea, mmoja alinihamisha chumba. Sijabadilisha. Na sasa mtu aliyenitegemea nisione alikuwa ananiomba nipitishe kidonge chenye ufa.

"Nilikosea," nikasema.

Shemeji akainama mbele, viwiko magotini. "Ushahidi?"

Neno lile lilikuwa limetoka kwangu, limezunguka, limenirudia kinywani mwake.

"Ni uzembe wa watengenezaji," nikasema. "Tamthilia huwa na mtu wa mavazi. Kazi yake ni kuhakikisha gauni lililoonekana leo linaonekana na kesho. Huyu wao hafai. Kuna mahali Bi Gauni anatoka nyumbani na viatu vyeusi, anafika kwa fundi na vya kahawia. Nguo hazirudi kwa sababu wamezisahau. Mimi niliona mpango mahali penye uzembe."

Habari ya viatu ilikuwa kweli. Ndiyo maana sauti yangu haikutetemeka.

Akanyoosha kidole kwenye simu yangu.

"Basi andika."

"Niandike nini?"

"Hivyo ulivyosema. Ukurasani kwako, sasa hivi, nikiona."

Mdogo wangu alikuwa anaangalia kucha zake.

Nikaandika. Mnalikumbuka andiko lile. "Hukumu inabadilishwa. Hakuna mpango wowote, kuna uzembe wa watu wa mavazi. Bi Gauni ni dhaifu. Nguo ni nguo tu."

Haikupita dakika, mkaja juu! Shemeji alikuwa anazisoma komenti kwa sauti, kama redio.

"'Mkaguzi, wewe umekaguliwa na nani?' Ha!"

"'Huyu kapewa kitu kidogo.' Shemeji, wanasema umehongwa!"

"'Mimi natoka humu, bakini na kigeugeu wenu.' Duh! Wamekuchana! Wamekuchana vibaya!"

Alifuta machozi ya kicheko kwa kiganja. Na nyie ndio mliomshawishi, siyo mimi. Niliona bega lake likilegea kwa kila tusi.

"Nakujua, shemeji," akasema mwishoni. "Mtu kama wewe hawezi kujichafua bure. Kama umekubali kuchekwa hivi, basi kweli ulikosea."

Furushi la nguo hakulirudisha kabatini. Lilikuwa kwenye kona ya sebule, limefungwa fundo.

Tulikuwa na tatizo moja, na wote wawili tulilijua. Jana yake, baada ya tamthilia, walionyesha kionjo: Jumapili ijayo siri ya Bi Gauni inafichuka. Akishaondoka Bi Gauni mbele ya nchi nzima, shemeji atajua andiko lipi lilikuwa la uongo. Kwa hiyo mdogo wangu alitakiwa atoke kabla ya Bi Gauni kutoka.

Alinisindikiza mpaka getini. Shemeji nyuma, hatua chache. Akanikumbatia kuniaga, mdomo wake sikioni kwangu.

"Jumapili asubuhi anapeleka gari kuoshwa. Njoo na gari. Usimwambie mtu."

Nikaomba ruhusa kazini. Nikaazima gari la jirani. Nikafua shuka za kitanda cha pili. Kila nikikutana na kioo nilijifunza uso wa mtu asiyejua kitu.

Jumatano shemeji akapiga.

"Shemeji, Jumapili asubuhi utakuwepo? Nataka nipite nikuletee matunda."

"Ju... Jumapili? Ndiyo. Yaani hapana! Nitakuwa kazini. Hapana, nyumbani, ila nita... kuna mgeni..."



"Sawa, shemeji," akasema polepole. "Nimekuelewa."

Akakata.

Nilikaa sakafuni jikoni. Sikuwa na hoja, sikuwa na viatu vyeusi wala vya kahawia, nikaropoka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Nilikuwa nimemuuza kwa mara ya pili! Nikakimbilia kwa Mama Bobini.

"Shemeji amepita hapa?"

"Hajaonekana tangu Jumapili. Kwani nini tena?"

Nikamweleza. Akaweka mkasi chini.

"Wewe," akasema, "ukiwa na siri ni afadhali uimeze na maji."

Alhamisi sikula. Ijumaa nilikataa shehena nzima ya vidonge ambavyo havikuwa na kasoro, msimamizi akanituma nyumbani.

Ijumaa hiyohiyo jioni, simu. Shemeji.

"Yuko wapi?!"

"Nani?"

"Mke wangu! Mtoto hayupo! Nyumba tupu!"

Nikasema neno ambalo nisingelisema kama ningekuwa na akili hata ya kukopa.

"Lakini... leo si Ijumaa!"

Nilimsikia anahema.

"Kwa hiyo ilikuwa Jumapili," akasema. "Nilijua! Nimeweka mtu wa kukaa getini Jumapili! Nimeahirisha hata kuosha gari! Leo nikasema ni Ijumaa tu, ngoja nikanyoe nywele... nywele tu..."

Akakata. Baada ya muda akanitumia picha. Moto uani kwake, na ndani ya moto, furushi.

Alitokaje, na geti lilikuwa limefungwa, na ufunguo alikuwa nao mume kwenye kiti cha kinyozi? Nimeshajua. Mama Bobini aliniambia Jumamosi, nikiwa nimeketi safari hii, na hakunichoma.

Siandiki.

Mtaniomba kwenye komenti, mtasema hadithi bila hilo imepungua. Imepungua, ndiyo. Wapo wanaoihitaji njia ile kesho asubuhi, na waume zao wanasoma ukurasa huu huku wakicheka.

Jumapili mliona wenyewe. Bi Gauni aliondoka kama nilivyosema kwenye andiko la pili, mpaka sweta ya mtoto ilionyeshwa kwa fundi, imekunjwa. Mkarudi kunifokea upya. "Ulikuwa sahihi, mbona ulibadili?" "Uliogopa nani?" Sasa mnajua. Haya yote shemeji anayajua tangu Jumapili ile, na Mama Bobini kaniruhusu kumtaja; simwongezei kitu kwa kuyaandika.

Kwa miaka yote ya ukurasa huu nimekuwa nikiuliza kama mwanamke fulani ni shupavu, nikasubiri anionyeshe. Sikuwahi kujiuliza nani mwingine anaangalia anapojionyesha. Nilipomdharau Bi Gauni, mdogo wangu alikuwa salama. Nilipompigia makofi, nikamwashia taa mtu aliyekuwa anatembea gizani kwa hiari yake. Kwa hiyo, ukimwona mwanamke amenyamaza katika nyumba yenye kelele, usimwite dhaifu. Na ukigundua anachokifanya, funga mdomo wako, mpelekee msaada kwa mlango wa nyuma.

Hukumu sitatoa tena humu.

Leo, Jumanne, saa moja kasoro dakika tano jioni, iliingia simu kutoka namba nisiyoijua.

"Dada."

Niliinuka nikafunga mlango kwanza.

"Dada, uko hapo?"

"Nipo. Uko mzima?"

"Mzima. Na mtoto mzima."

"Uliniambia Jumapili," nikasema.

"Nilikuambia."

"Ulijua nitababaika?"

Akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka. "Ukiwa na hoja, dada, unaweza kumdanganya hakimu. Ukikosa hoja huwezi kumdanganya hata Pilipili. Nilihitaji ubabaike. Alipojua ni Jumapili, siku nyingine zote akazisahau."

"Ungeniambia ukweli ningeficha."

"Ungeficha. Na angeona unaficha."



"Nisamehe, mdogo wangu."

Kwa upande wake nilisikia maji yakimiminwa kwenye ndoo, na mlango ukigonga.

"Zilikuwa zimebaki nguo mbili," akasema. "Mbili tu nimalize, niondoke kama mtu, na begi langu. Nimetoka na kandambili."

"Najua."

"Sijakusamehe. Nitakusamehe, ila si leo."

"Sawa."

"Na usije ukaandika kwamba mimi ni shupavu."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba niliondoka bila nguo za mwanangu kwa sababu dada yangu alitaka kuonekana ana macho."

Nimeandika.

"Niambie tu uko wapi," nikasema. "Nikuletee nguo."

Nilisikia mvutano, simu ikipapaswa, halafu sauti ndogo iliyojaa furaha ikaingia kwa nguvu.

"Mama mkubwa! Mama mkubwa, huku kuna..."

Simu ikakatwa.